Mabwawa Mawili na Bonde la Mama Tusekile

Asubuhi tuliyoondoka Kawetele tulikuwa watu saba uani kwetu, na nitawataja wote. Alikuwapo mhandisi Idrisa, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa ambayo hakuivua hata alipokuwa akila. Alikuwapo Bi Neema kutoka Morogoro, mtaalamu wa mimea na mazingira, aliyevaa mabuti makubwa kuliko yangu. Alikuwapo dereva wao, Mzee Kondo, ambaye alikataa kushuka kwenye landrova kwa kuogopa matope yetu. Walikuwapo wadogo zangu watatu: Ambakisye, aliyekuwa darasa la saba, Tusajigwe, aliyeshika sufuria ya uji na kumlazimisha kila mtu anywe, na Atupele, kitinda mimba, wa miaka saba, aliyening'inia kwenye mkono wangu wa kushoto. Wa saba nilikuwa mimi, Lugano, kifungua mimba wa nyumba hiyo, mchimba vyoo.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, baba kwanza, mama miezi mitano baadaye. Niliacha shule darasa la sita nikashika sululu. Wakati mama anafariki, Atupele alikuwa na wiki tatu. Kwenye kitanda cha jirani wodini alikuwapo mwanamke wa Nkunga aliyekuwa amefiwa na mtoto wake mchanga juma lilelile. Jina lake Mama Tusekile. Alimchukua Atupele, akamweka kifuani, akaenda naye kwao, akamnyonyesha mwaka mmoja na nusu. Kisha nikaenda kwa miguu nikamrudisha nyumbani mgongoni mwangu. Nayasema haya mwanzoni kabisa, kwa sababu safari ninayoisimulia ilikuwa ya kutafuta mahali pa kujenga mabwawa ya umeme, na kidogo tu inisababishie kumnyang'anya mwanamke huyo bonde lake.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Mjini Tukuyu maduka ya watu binafsi yalifunguliwa kila mwezi, mitumba ilitundikwa hadi kwenye ua wa shule, na aliyekuwa na televisheni alijaza watu sebuleni. Lakini umeme ulikuwa wa mgawo. Ukiwaka leo, kesho unakaa na kibatari. Kampuni moja ikatuma watu kuja kutazama milima yetu.

Bi Neema alinikuta Kawetele nikiwa ndani ya shimo, nimezama futi kumi na mbili. Aliinama juu yangu akauliza, "Huko chini kuna nini?"

"Kuna mimi," nikamjibu.

"Nauliza udongo, kaka."

Nikamwambia: futi sita za udongo mweusi, kisha mawe mepesi ya kusugulia visigino, yale yanayoelea ukiyatupa majini, kisha majivu ya zamani, kisha mawe mepesi tena. Akaniuliza kama nimewahi kuchimba Isongole na Nkunga pia. Nikasema Isongole nimechimba, Nkunga namfahamu mtu. Kesho yake nikawa mfanyakazi wao. Mhandisi Idrisa aliahidi kwamba mahali pakipatikana, mimi ndiye nitakayesimamia wachimbaji, kwa miaka yote ya ujenzi. Kwangu maana yake ilikuwa moja: nisingelazimika kwenda kutafuta kazi Chunya na kuwaacha wadogo zangu.

Njiani kwenda Isongole, Bi Neema alinieleza kazi yenyewe. Yanatakiwa mabwawa mawili, moja juu ya kilima na moja chini yake, yasiachane sana. Usiku, watu wakiwa wamelala na umeme hauna wa kuutumia, mashine zinasukuma maji kutoka bwawa la chini hadi la juu. Jioni, watu wote wanapowasha taa na pasi kwa mpigo, maji yanaachiwa yashuke, yanazungusha mitambo. Maji ni yaleyale, yanapanda na kushuka, na mto hauzibwi.

"Kwa hiyo shida iko wapi?" nikauliza.

"Shida ni mahali," akasema. "Idrisa anataka kilima kirefu na ardhi isiyovuja. Mimi nataka pasiwe na msitu wa kukatwa, chemchemi ya kuharibiwa, wala mtu wa kuhamishwa. Tukigombana, wewe utuamue."

Mhandisi akacheka bila kugeuka. "Atuamue mchimba vyoo?"

"Ndiye pekee kati yetu anayeijua ardhi kwa ndani," Bi Neema akasema.

Isongole tulifika saa nne. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi, na wanawake walikuwa wakipalilia wamejifunga vitenge viwiliviwili kwa baridi. Ramani ya mhandisi ilionyesha shimo pana la asili juu ya mlima, lililokaa kama bakuli, tayari kwa bwawa la juu. Kulifikia tulitembea saa moja na nusu. Mzee Kondo alibaki na gari lake barabarani, akisema kwamba aliajiriwa kuendesha gari, hakuajiriwa kupanda mlima.

Bakuli lilikuwa zuri kwa macho. Majani mafupi, kingo zimeinuka pande zote, na upande mmoja msitu umepanda hadi ukingoni. Mhandisi alifurahi mpaka akapiga mluzi. Mimi nilichimba futi nne, nikaomba ndoo ya maji na moto.

Lazima niwaeleze wasomaji desturi ya kazi yetu. Sisi wachimbaji wa Rungwe tunapima ardhi kwa ndoo moja na ndizi moja. Unamwaga ndoo ya maji shimoni, na wakati huohuo unaweka ndizi mbichi juu ya makaa. Ndizi ikiiva na maji bado yapo, ardhi imeshikana. Maji yakiisha ndizi ikiwa bado mbichi, chini kuna mawe mepesi, na ukichimba choo hapo kuta zitakuangukia. Nilikuwa nimebeba ndizi zangu kutoka nyumbani, kwa kuwa Isongole kwa baridi ile ndizi hazifanyi vizuri.

Wanawake wawili wa shamba la jirani walikuja kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti ya kutosha, "Hii ndiyo serikali? Imetoka Dar es Salaam kuja kuchoma ndizi mlimani?"

Mwenzake akamjibu, "Nyamaza, wanachimba choo cha wakubwa. Hewa ya huku ni nzuri."

Nilimwaga maji. Kabla ganda la ndizi halijaanza hata kubadilika rangi, shimo lilikuwa limekauka. Mhandisi hakuamini. Akavua saa yake, tukarudia mara tatu, sehemu tatu. Mara zote maji yaliondoka kama mtu aliyeitwa.

"Bwawa hapa litakuwa chujio," nikasema.

"Tunaweza kulisakafia," mhandisi akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Bi Neema alikuwa amekwenda kuzunguka ukingo wa msitu. Aliporudi, mabuti yake yalikuwa na maji. Alisema kwamba maji yanayozama katika bakuli lile yanatokea chini kidogo kama vijito, na msitu unakunywa hapo. Ukisakafia juu, unawafungia bomba wote walio chini. Mhandisi akakunja ramani. Ndizi tukazila, na wale wanawake tukawapa nusu.

Siku ya pili mchana tulielekea Nkunga. Huko ramani ilionyesha kilima kirefu chenye mgongo bapa, na mhandisi alitaka akitazame kwa siku mbili. Nyumba ya wageni haikuwapo. "Wewe si ulisema unamfahamu mtu?" akaniuliza.

Nilimfahamu, lakini nilikuwa sijamtembelea kwa zaidi ya miaka mitano. Kwetu aliyekunyonyeshea mtoto huendi kwake mikono mitupu, na kila mwaka mikono yangu ilikuwa mitupu, hivyo kila mwaka niliahirisha. Safari hii nilinunua sukari na sabuni dukani njiani, nikajiambia kwamba angalau ni mwanzo. Gari lilituacha mwisho wa barabara ya magari, tukashuka kwa miguu katikati ya migomba, tukavuka kijito kwa gogo, tukapanda hadi kwake.

Alikuwa anaanika maharage. Aliniangalia muda mrefu, mkono umekinga jua.

"Mugonile, juba," nikamwamkia, kama tunavyowaamkia mama zetu.

"Ugonile, Lugano." Akaacha maharage. "Umerefuka bure, nyama hakuna. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, juba."

"Meno yote yametoka?"

"Yametoka, na ya mbele yameshaanza kung'oka."

Alikaa chini kwenye jamvi, juu ya maharage yenyewe, akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Kichwani mwake Atupele alikuwa bado yule niliyemchukua mgongoni. Kisha akawatazama wenzangu, akawaambia kwa Kiswahili chake kichache, "Kalibuni, wanangu. Aliyekuja na Lugano ni wangu."

Maneno yale yalinifurahisha sana wakati ule. Sikujua yana uzito gani.

Jioni hiyo alimshika kuku, akampa mhandisi kisu. "Wewe Mwislamu, mchinje mwenyewe ili tule wote," akasema. Mhandisi Idrisa alichinja, na kuanzia hapo alimwita mama. Tulikula ndizi mbalaga zilizopikwa na nyama ya kuku, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Mama Tusekile aliishi na mama mkwe wake, kikongwe ambaye hakusikia tena. Mumewe alikuwa amefariki, na Tusekile, bintiye, alikuwa ameolewa Kyela.

Asubuhi ya siku ya tatu, mhandisi alitoka nje kunawa, akasimama na kata mkononi. Kutoka uani kwa Mama Tusekile unaona bonde lote: limebanwa na vilima viwili, mlango wake mwembamba kama shingo ya mtungi, na juu yake kabisa ule mgongo bapa wa kilima. Aliita, "Neema! Njoo uone!" Bonde hili halikuwa kwenye mpango wake. Alikuwa amekuja kwa ajili ya kilima tu, na bwawa la chini alifikiria kuliweka mbali zaidi, kwenye ardhi mbaya. Kama ningewalaza kwa mtu mwingine, asingeliona.

Nilichimba mashimo mawili bondeni na moja mgongoni mwa kilima. Udongo ulikuwa mwekundu, mzito, unang'ang'ania sululu kama unadai kitu. Chini yake, mwamba. Nilimwaga maji, nikaweka ndizi. Ndizi ikaiva, ikaungua, ikawa mkaa, na maji bado yalikuwa yananitazama. Mhandisi alinipiga begani. "Lugano, anza kutafuta wachimbaji wako!"

Mchana Mama Tusekile alituletea chakula palepale bondeni. Alitaka kujua hasa tunafanya nini, na mimi nikawa mkalimani. Nilimweleza kwa Kinyakyusa habari za mabwawa mawili, maji kupanda usiku na kushuka jioni.

"Wanayapandisha ili yashuke?"

"Ndiyo, juba."

"Kisha wanayapandisha tena?"

"Ndiyo."

"Hawa hawana shamba?" akauliza. Kisha akafikiri. "Aa. Ni kama ng'ombe. Anakula mchana, usiku analala akicheua."

Nilipoitafsiri, mhandisi alicheka mpaka akashika mbavu, akasema hajawahi kusikia mtu akiieleza vizuri hivyo. Mama Tusekile naye akafurahi. Akauliza, "Na bwawa la chini litaanzia wapi?"

Mhandisi alinyoosha mkono. Kutoka kwenye chemchemi, pale palipowekwa bomba la mwanzi, hadi kwenye mparachichi mkubwa. Shamba lake lote lilikuwa ndani, na chemchemi yenyewe.

Mama Tusekile alitazama ule mkono kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Akasema, "Haya. Kuleni, ndizi zinapoa."

"Muulize kama ana pingamizi," mhandisi akaniambia.

Nikamuuliza. Akajibu kwamba wageni wake wachimbe tu, wasiogope. Nikatafsiri nilivyosikia, neno kwa neno. Mhandisi akafungua daftari akaandika: mwenyeji ameridhia. Niliiona kalamu ikitembea. Bi Neema hakuandika. Alikuwa amechuchumaa kwenye chemchemi, akihesabu ndoo za watoto na wanawake waliokuwa kwenye foleni.

Siku ya nne saa mbili asubuhi tuliaga. Mama Tusekile alitufungia ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha, akaniwekea kibuyu cha maziwa cha Atupele. Akatusindikiza. Tulipofika mwisho wa migomba yake alisimama, akatupa mkono, akasema tuende salama. Kijito kilikuwa hatua hamsini mbele.

Niliendelea kutembea, nikigeuka nyuma kumtazama. Kwetu mgeni husindikizwa hadi majini. Hata akiwa mgonjwa, mwenyeji atatuma mtu amvushe mgeni wake kijito. Siku nilipomchukua Atupele alinivusha kijito kile, akapanda nami ng'ambo, akaenda hadi barabarani akilia. Leo hakufika majini. Mdomo wake ulikuwa umesema ndiyo, kwa sababu mgeni aliyekula kwako humwambii hapana, tena mgeni aliyeletwa na mtoto wako. Lakini miguu yake haikukubali.

Nilivuka gogo. Nilipanda mlima. Nilifika hadi gari lilipokuwa, Mzee Kondo akiwa amelala na gazeti usoni. Nikawaza kazi niliyoahidiwa, na Chunya, na wadogo zangu watatu wakibaki peke yao na mlango wa kamba. Nikaweka sululu chini.

"Mhandisi," nikasema, "yule mama amekataa."

"Amekataa lini? Wewe mwenyewe umetafsiri."

"Hakutusindikiza hadi majini."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba gari haliwaki kwa sababu jogoo hakuwika. "Lugano, nitaandika hivyo kwenye ripoti? Kwamba hakutusindikiza?"

"Sijui utaandika nini. Mimi nakwambia alichosema."

"Na kazi yako?" akauliza, kwa upole, nadhani kwa nia njema.

"Naijua."

Bi Neema alikuwa tayari amegeuka. "Tunarudi," akasema. Mzee Kondo akainua gazeti, akatuona tunashuka tena, akalirudisha usoni.

Tulimkuta Mama Tusekile kwenye chemchemi, hajajaza ndoo, amekaa tu juu ya jiwe na wanawake wawili wa jirani. Haraka alisogea kwenye jiwe ili tukae. Sikukaa. Kwetu ukija na neno zito huketi wala huli, unasimama nje kama mtu baki, ili mwenyeji awe huru kukujibu. Niliwaambia wenzangu nao wasikae. Nilivua kofia.

"Juba," nikasema, "leo sikuja kama mtoto wako. Nimekuja kama mchimbaji wa hawa. Bwawa likae hapa, au lisikae?"

Mama Tusekile alikuwa anachezea ncha ya khanga yake.

"Lisikae," akasema.

Mhandisi hakuhitaji tafsiri. "Mbona jana ulituambia tuchimbe, mama?"

"Jana mlikuwa na njaa," akamjibu.

Kisha akazungumza, na mimi nikatafsiri taratibu. Alisema kwamba chemchemi ile aliichimbua mumewe, na nyumba zote za pande mbili za bonde zinachota hapo, na haijawahi kukauka hata miaka ambayo wengine walichota matope. Alisema mama mkwe wake hasikii wala haoni vizuri, lakini kutoka kitandani hadi chemchemi anakwenda mwenyewe kwa kupapasa migomba, anaijua mmoja mmoja. Ukimhamisha, umemfunga. Akanigeukia mimi.

"Na Atupele nilimwogesha hapa. Hapa hapa, kwenye jiwe hili. Ningesemaje, Lugano? Hawa uliwaleta wewe. Nikiwafukuza, nimekufukuza wewe. Nikajiambia, basi, mwanangu ana haja na bonde, alichukue."

Sikuweza kuitafsiri sehemu hiyo. Bi Neema alisubiri, kisha akaacha kusubiri, akaenda akakaa kwenye jiwe karibu na Mama Tusekile, mabega yao yakigusana. Mhandisi Idrisa alitoa daftari, akatafuta ukurasa wa jana, akaukata mstari mmoja kwa kalamu. Akauliza kama sasa tunaruhusiwa kukaa.

"Sasa kaeni," Mama Tusekile akasema. "Lakini chakula kimekwisha."

Siku hiyo saa saba mchana tulianza kurudi. Nilikuwa najua kwamba nimeikata kazi yangu kwa mdomo wangu, na sikujuta, lakini nilikuwa na huzuni ya mtu aliyechimba futi ishirini akakutana na mwamba.

Karibu na Isongole tulipita machimbo ya kokoto yaliyoachwa na wajenzi wa barabara miaka ya nyuma. Nilikuwa nimeyapita mara mia. Ni shimo kubwa lililochongwa katika jiwe gumu, na ndani yake maji ya mvua yamesimama mwaka mzima, ya kijani, hayana wa kuyanywa. Juu yake kuna kilima chenye shamba la zamani la pareto lililochoka, halina mti wala nyumba.

"Mzee Kondo, simama," nikasema.

"Unataka kujisaidia?"

"Nataka kuwaonyesha shimo ambalo sikulichimba mimi."

Bi Neema ndiye aliyeelewa kwanza. Alishuka akakimbia na mabuti yake. Kama maji yamekaa mle miaka yote bila kuisha, jiwe halivuji. Msitu hakuna wa kukatwa, kwa kuwa walishaharibu walioharibu. Chemchemi hakuna. Tukapanda kilimani, nikachimba, tukamwaga ndoo. Tulikuwa na ndizi mbivu za Mama Tusekile tu, nikasema hazifai, zitaiva upesi mno. Mhandisi akasema atatumia saa. Maji yalishuka, lakini polepole sana, kama mzee anayeshuka ngazi.

"Kilima ni kifupi," mhandisi akasema. Alipima mara mbili. "Umeme utapungua. Nkunga ungekuwa karibu mara mbili ya huu."

"Na watu wa kuwahamisha?" Bi Neema akauliza.

"Hakuna hata mmoja."

"Basi pima mara ya tatu, labda kitarefuka."

Mhandisi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wenye lile shamba la pareto tuliwatafuta kijijini siku hiyohiyo, ndugu wawili, na safari hii mimi sikuuliza swali nikiwa nimekaa, wala hatukupokea hata kikombe cha chai kabla ya jibu. Walisema shamba halizai, ila wanataka kuambiwa kila hatua. Wakatusindikiza hadi garini, wakasimama hadi gari lilipoondoka. Mhandisi aliwatazama kupitia kioo. "Hiyo nayo niandike?" akaniuliza. Nikamwambia aandike.

Kawetele nilifika jioni, jua bado lipo. Atupele alikunywa maziwa ya kibuyu chote bila kumpa mtu, akaniuliza yametoka kwa nani. Nilimwambia yametoka kwa mama mmoja wa Nkunga. Akasema ni matamu, akaenda kucheza.

Miezi ilipita. Bi Neema aliniandikia barua, nami nikamwomba Ambakisye aisome kwa sauti ili wote wasikie. Ripoti ilikuwa imeyaweka machimbo ya kokoto kuwa chaguo la kwanza, na bonde la Nkunga limeondolewa kabisa, hata kama chaguo la pili. Mhandisi Idrisa ndiye aliyesisitiza liondolewe. Barua nyingine ikafuata baadaye: wenye fedha wameamua kwanza kununua majenereta, mabwawa yatasubiri. Mpaka leo ninapoandika, machimbo yana maji yaleyale ya kijani. Sikwenda Chunya. Bi Neema aliwaambia watu wake kuhusu ndoo na ndizi, na kila wanapotaka kujua kilicho chini ya ardhi wilayani kwetu, huniita. Si kazi ya kila mwezi, lakini inanirudisha nyumbani jioni.

Nilichojifunza katika safari ile ni kidogo, lakini nimekitumia tangu hapo. Ardhi inayoshika maji ndiyo hiyohiyo iliyoshika watu. Ukiona mahali pazuri sana pa kuchimba, jua kwamba kuna mtu aliyeona uzuri huo kabla yako, na huenda yuko jikoni anakupikia.

Nilikwenda Nkunga kumpelekea Mama Tusekile habari za ripoti. Nilikwenda nikiwa mwepesi, nikijiona kama mtu aliyemaliza kulipa. Alisikiliza, akashukuru, "Ndaga, ndaga fijo," akawaita majirani nao wakasikia. Walipoondoka akanitazama kwa yale macho yake ya kucheka.

"Usidhani tumemalizana," akasema. "Chemchemi ni ya wote, hilo umewatendea majirani. Langu mimi bado."

"Nikupe nini, juba?"

"Niletee mtoto. Likizo moja, nzima. Alale hapa, anijue sura. Kisha nitakuvusha kijito nikiwa nimeridhika."

Niliahidi. Likizo ya kwanza Atupele alikuwa na kikohozi. Ya pili mvua ilikuwa kubwa, nikasema njia ni mbaya. Ya tatu nilisema nguo zake hazijakauka, na Tusajigwe akaniangalia, kisha akaliangalia jua lililokuwa linawaka. Tangu nilipomrudisha mgongoni, mtoto huyu hajalala hata siku moja nje ya nyumba yetu, na nagundua kwamba anayeogopa likizo hiyo si yeye.

Shule inafungwa Ijumaa. Leo asubuhi nimekwenda kuzigusa nguo kwenye kamba. Zimekauka zote. Nimezikunja, nimeziweka juu ya meza, na bado sijamwambia.